Asilimia 30 Imekwenda Wapi? Mwongozo Kamili wa Kodi ya Zuio kwa Anayeuza Mtandaoni Akiishi Lamu au Malindi

Mwongozo huu ni wa mgeni aliyehamia Lamu, Malindi au Watamu na sasa anauzia ng'ambo kwa simu na kompyuta: Mtaliano mwenye chaneli ya mapishi, Mtanzania anayechora nembo za mahoteli, Mwingereza wa Shela anayeuza picha za majahazi. Mwenyeji mwenye biashara kama hizo ataufuata vilevile, ila hatua ya kwanza ataivuka upesi.

Kodi ya zuio ni fedha anazokata mlipaji wa ng'ambo kabla ya kukutumia chako, akazipeleka kwa serikali ya kwake. Ile ya Marekani kwenye mrabaha, yaani malipo ya ruhusa ya kutumia ulichokitunga, ni asilimia 30. Kulalamika hakuifuti. Lakini hasara nyingi ninazoziona kwenye hesabu za watu hazitokani na kiwango cha kodi. Zinatokana na mtu kujitia mwenyewe, kwa sahihi yake, katika fungu lisilo lake: kajiandika mkaazi wa nchi aliyoihama, kaita huduma mrabaha, ama kaiacha fomu bila kuijaza. Ndiyo maana hatua tatu za mwanzo hazina fomu hata moja. Usiziruke.

## Viwe mezani kabla hujaanza

- Pini ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya. Ya mtu binafsi huanza na herufi A, ya kampuni huanza na P.
- Pasipoti, kibali chako cha kuishi au kufanya kazi, na orodha ya tarehe zote ulizoingia na kutoka Kenya kwa miaka mitatu.
- Ripoti za mauzo kutoka kila mtandao unaokulipa, zile zinazoonyesha jumla kabla ya makato. Taarifa ya benki peke yake haitoshi, maana benki haioni kilichokatwa njiani.
- Taarifa za benki, PayPal na M-Pesa za mwaka mzima.
- Hati za makato ulizotumiwa mwaka uliopita. Kwa Marekani ni fomu 1042-S.
- Anwani ya nyumba yako kwa maneno. Sanduku la posta halitakubaliwa, na nitaeleza namna ya kuiandika.

## Hatua ya 1: Jua wewe ni mkaazi wa kodi wa nchi gani

Pasipoti haiamui jambo hili. Kibali cha uhamiaji nacho hakiamui. Sheria ya kodi ya mapato ya Kenya ina vipimo vyake, na ukiingia katika kimoja tu, umekuwa mkaazi wa kodi wa mwaka huo:

Una makazi ya kudumu Kenya na umekuwapo nchini kwa muda wowote katika mwaka, hata wiki moja. Au huna makazi ya kudumu lakini umekaa jumla ya siku 183 au zaidi. Au umekuwapo mwaka huo na katika kila mmoja wa miaka miwili iliyotangulia, kwa wastani wa zaidi ya siku 122 kwa mwaka.

Kipimo cha kwanza ndicho kinachowanasa wenye nyumba za Shela na za barabara ya Casuarina. Mtu amenunua nyumba, huja kila Desemba kwa wiki tatu, na anaamini yeye ni mtalii. Kwa KRA anaweza kuwa mkaazi wa kodi tangu siku aliposhuka uwanja wa ndege wa Manda.

Je, na nchi uliyotoka nayo ikikudai kuwa ni mkaazi wake? Kama kuna mkataba kati ya nchi hiyo na Kenya, hutazamwa kwa mpangilio: makazi ya kudumu yako wapi, kisha familia na shughuli zako ziko wapi zaidi, kisha unalala wapi siku nyingi, kisha uraia. Kama hakuna mkataba, utabanwa pande zote mbili mpaka ujiondoe rasmi katika daftari la wakaazi la kwenu. Wengi huhama kwa ndege wakasahau kuhama kwa karatasi, na karatasi ndizo zinazosomwa.

Onyo: usijiite asiye mkaazi kwa kudhani utalipa kidogo. Kampuni ya Kenya inayokulipa kwa maudhui ya mtandaoni hukata asilimia 5 ukiwa mkaazi na asilimia 20 usipokuwa mkaazi, tangu Julai 2023.

Umefaulu hapa ukiweza kuandika sentensi moja, "Kwa mwaka huu mimi ni mkaazi wa kodi wa nchi fulani," na chini yake tarehe zinazothibitisha.

## Hatua ya 2: Tenga mapato kwa aina yake

Mlipaji hakati kwa kuwa umepata pesa. Hukata kwa kuwa pesa hizo zina aina fulani na chimbuko fulani. Chukua ripoti za mauzo na uzitie katika mafungu matatu.

Bidhaa. Kofia za viua, vikoi, makasha ya kuchonga, vito vya fedha. Uuzaji wa kawaida wa bidhaa unazomiliki kutoka Kenya kwenda kwa mnunuzi wa Marekani haukatwi ile asilimia 30. Zipo gharama nyingine mpakani: ushuru wa forodha, na kodi ya ongezeko la thamani ambayo mitandao ya mauzo hukusanya kwa vifurushi vya hadi pauni 135 Uingereza na hadi yuro 150 Umoja wa Ulaya. Hizo anabeba mnunuzi. Si kodi ya zuio, hazidaiwi katika ritani yako, na hapana sababu ya kuzichanganya na hesabu hii.

Huduma. Unafanya kazi, mteja analipa kazi. Kwa sheria ya Marekani, chimbuko la malipo ya huduma ni pale ulipokaa ukaifanya. Nembo iliyochorwa Malindi kwa mteja wa Chicago ina chimbuko Kenya, na Marekani haina cha kukata. Ukisafiri kwenda kuifanya kule, hesabu inabadilika kwa siku hizo. Tanzania huona tofauti: hutazama aliyelipa, na hoteli ya Zanzibar ikikulipa huduma hukata asilimia 15.

Mrabaha. Hapa unauza ruhusa ya kutumia ulichokitunga: kitabu cha kielektroniki, picha kwenye hifadhi za picha, muziki, video. Kwa Marekani chimbuko ni pale ruhusa inapotumika, yaani kwa wasomaji, wanunuzi na watazamaji walioko Marekani. Asilimia 30 hukatwa sehemu hiyo tu. Mapato ya YouTube kutoka kwa watazamaji wa Marekani nayo yamo katika fungu hili, na makato yalianza Juni 2021.

Matatizo huzaliwa pale mtu mmoja anapokuwa na mafungu mawili bila kujua. Mwalimu wa Kiswahili aliyeko Lamu anafundisha Wamarekani kwa video ya moja kwa moja, wanaulizana na kujibizana: hiyo ni huduma, imefanyika Lamu, haikatwi. Masomo yale yale akiyarekodi na kuyaweka kwenye mtandao unaomgawia pesa kila yanapotazamwa, umekuwa mrabaha, na sehemu ya watazamaji wa Marekani itakatwa. Elimu ni moja, mwalimu ni mmoja, kodi ni mbili. Basi ankara zake asizichanganye.

Mpiga picha vivyo hivyo. Ukiajiriwa kupiga picha za nyumba ya wageni Watamu ukakabidhi kazi, andika ankara ya huduma. Ukiweka picha zako kwenye hifadhi ya picha, ni mrabaha.

Dalili ya kufaulu: kila mlipaji katika orodha yako ana neno moja mbele ya jina lake, bidhaa, huduma au mrabaha, na nchi ya chimbuko pembeni. Mlipaji mwenye maneno mawili mgawe mistari miwili.

## Hatua ya 3: Tazama kama kuna mkataba, na ni wa nani

Nchi huwekeana mikataba ya kuepuka kutoza kodi mara mbili, na ndani yake hupunguza kodi ya zuio. Mkataba unaokuhusu ni ule kati ya nchi ya mlipaji na nchi unayokaa kikodi. Nchi ya pasipoti haimo.

Kenya na Marekani hazina mkataba huo. Kwa mkaazi wa kodi wa Kenya, mrabaha wa Marekani ni asilimia 30 kamili.

Hapo ndipo majaribu yanapoingia. Mikataba ya Marekani na Uingereza, na Marekani na Ujerumani, imeshusha mrabaha hadi asilimia 0. Mkataba wa Marekani na Italia umefanya hivyo kwa mrabaha wa vitabu na sanaa. Mtaliano wa Malindi anajua hivyo, bado ana anwani ya mama yake Italia, na fomu ya mlipaji wa Marekani (ile ya hatua ya 4) iko mbele yake. Akiiandika anwani hiyo, amesaini tamko la uongo chini ya adhabu ya kisheria, wakati benki, kibali na mihuri ya pasipoti vyote vinasema anaishi Malindi. Asifanye. Kama kweli bado ni mkaazi wa kodi wa Italia, hiyo ni habari nyingine, na hatua ya kwanza imeshamjibu.

Kenya ina mikataba inayotumika na Uingereza, Ujerumani, Ufaransa, Kanada, India, Denmark, Norway, Sweden, Zambia na Afrika Kusini, miongoni mwa nyingine. Na Italia mkataba ulitiwa saini mwaka 1979 lakini haukuanza kutumika. Ule wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini mwaka 2010, nao haujaanza. Kwa hiyo unapopitia orodha, tazama neno linalosema unatumika. Sahihi za mawaziri hazipunguzi kodi.

Onyo la pili, nalo ni la wanaouziwa kampuni za majimbo ya Marekani ya Delaware na Wyoming kwa dola mia chache wakiambiwa zitafuta makato. Kampuni ya mmiliki mmoja wa kigeni kwa kawaida Marekani huitazama kana kwamba haipo. Humtazama mwenyewe, na asilimia 30 ya mrabaha inabaki pale pale. Juu yake unapata wajibu wa kuwasilisha fomu 5472 kila mwaka, na adhabu ya kutowasilisha inaanzia dola 25,000. Sijui makasha mangapi ya kuchonga yatauzwa ili kulipa hiyo.

## Hatua ya 4: Jaza W-8BEN mstari kwa mstari

Fomu hii huthibitisha kwa mlipaji wa Marekani kwamba wewe si mtu wa Marekani. Ni ya mtu binafsi. Kampuni hujaza W-8BEN-E, yenye kurasa nane, na hiyo mpe mhasibu. Raia wa Marekani au mwenye kadi ya kijani hajazi yoyote kati ya hizo, hata akiishi Kiwayuu: yeye hujaza W-9, na huendelea kuwasilisha ritani kwao.

Mitandao mingi huigeuza fomu kuwa maswali ya kubofya, lakini maswali ni yale yale.

Mstari wa 1: jina kama lilivyo kwenye pasipoti na kwenye akaunti ya malipo. Jina la biashara likiwa tofauti na la akaunti, fomu hurudi.

Mstari wa 2: nchi ya uraia. Mtaliano anaandika Italia. Katika fomu hii uraia wa pasipoti unatumika hapa pekee.

Mstari wa 3: anwani ya makazi ya kudumu, yaani nchi unayokaa kikodi. Hapa watu wa Lamu ndipo wanapokwama, kwa kuwa fomu haitaki sanduku la posta na vichochoro vyetu havina namba. Ieleze nyumba kwa mtaa na alama: "Mtaa wa Langoni, jirani na Ngome ya Lamu, Lamu 80500, Kenya." Kwa Malindi: jina la nyumba, barabara, "Malindi 80200, Kenya." Andika hivyo hivyo kila mahali, neno kwa neno. Mahali ukiandika Langoni na kwingine Mji wa Kale, mashine inaona watu wawili.

Mstari wa 4: anwani ya barua. S.L.P. yako iweke hapa.

Mstari wa 5: namba ya kodi ya Marekani. Ukiwa huna, acha wazi. Kwa mkaazi wa Kenya asiye na mkataba wa kudai, haimpunguzii kitu.

Mstari wa 6a: Pini ya KRA. Soma herufi ya mwisho mara mbili; kosa la kawaida ni kuandika sifuri badala ya herufi O.

Mstari wa 8: tarehe ya kuzaliwa, mwezi ukitangulia siku. Aliyezaliwa tarehe 7 Aprili anaandika 04-07. Akiandika 07-04 amezaliwa Julai, na pasipoti itamkanusha.

Sehemu ya pili, mistari ya 9 na 10: madai ya mkataba. Mkaazi wa Kenya aiache wazi. Mtandao ukiuliza kama unadai nafuu ya mkataba, jibu ni hapana.

Sehemu ya tatu: sahihi, jina na tarehe, mwezi ukitangulia tena.

Kwa nini ujisumbue ikiwa asilimia 30 itakatwa tu? Kwa sababu bila fomu hukatwa zaidi. Tuseme chaneli yako ya mapishi imeingiza dola 600, na katika hizo 150 zimetokana na watazamaji wa Marekani. Ukiwa na fomu, unakatwa asilimia 30 ya 150, yaani dola 45. Usipoijaza, Google inaweza kukata hadi asilimia 24 ya mapato yako yote ya dunia, yaani dola 144. Hata viazi karai vilivyotazamwa Mombasa na Muscat vinatozwa kodi ya Marekani.

Kwa mteja wa Marekani anayekulipa huduma moja kwa moja, mpelekee fomu hiyo pamoja na ankara yenye sentensi kwamba kazi yote imefanyikia Malindi, Kenya, na hakuna sehemu iliyofanyiwa Marekani. Bila sentensi hiyo, mhasibu wake mwoga atakata asilimia 30 kwa kujikinga, na siwezi kumlaumu.

Umefaulu ukiona akaunti imeandika kuwa fomu imekubaliwa, kiwango cha mrabaha ni asilimia 30, na kiwango cha huduma ni 0. Piga picha ya skrini, ihifadhi.

## Hatua ya 5: Walipaji wa nchi nyingine

Kwa nchi zenye mkataba unahitaji cheti cha ukaazi wa kodi kutoka KRA. Usikichanganye na kile cheti cha kutodaiwa kodi kinachotakiwa kwenye zabuni za kaunti. Kile hakisemi unaishi wapi, na walipaji wa Ulaya hukirudisha. Wasilisha kwanza ritani zozote zilizolala, halafu omba. Ofisi ya KRA ya Malindi ndiyo pa kuanzia ikiwa tovuti ya KRA imekukataa.

*Uingereza* hukata mrabaha asilimia 20. Mkataba na Kenya unashusha hadi 15. Fomu ni DT-Individual, inathibitishwa na KRA kisha inakwenda kwa mamlaka ya kodi ya Uingereza.

*Ufaransa* ndipo penye faida: mkataba unaweka ukomo wa asilimia 10, ilhali kiwango chao cha ndani ni 25. Fomu ni 5000 na 5003.

*Ujerumani* hukata asilimia 15.825 na mkataba unasema 15. Kwa tofauti hiyo, labda uwe na mauzo makubwa. La sivyo, muda utakaotumia kwenye karatasi una thamani kuliko utakachookoa.

*Tanzania*: hakuna mkataba unaotumika na Kenya. Asilimia 15 itakwenda. Dai cheti cha zuio siku ile ile unayolipwa, kwa maana meneja wa hoteli akishabadilika, cheti hakipatikani. Na unapopanga bei, sema mapema bei ni kabla ya kodi ya zuio au baada yake. Kwa ankara ya shilingi 100,000, kimya chako kina thamani ya shilingi 15,000.

## Hatua ya 6: Dai kilichokatwa kimakosa

Hili ni la waliokatwa kwenye huduma, au waliochelewa kuwasilisha fomu. Mrabaha uliokatwa sawasawa haurudi, usipoteze muda.

Anza na mlipaji, usianze na serikali. Mlipaji wa Marekani anaweza kukurudishia alichokata zaidi mpaka tarehe 15 Machi ya mwaka unaofuata, maana hapo ndipo anapofunga hesabu zake na mamlaka ya kodi. Mwandikie mapema, Novemba au Desemba, ukiambatanisha fomu, ankara na sentensi ya mahali kazi ilipofanyika.

Tarehe hiyo ikipita, njia inayobaki ni ndefu: uombe namba ya kodi ya Marekani kwa fomu W-7 ukiiambatanisha na ritani 1040-NR, ndani ya miaka mitatu. Kwa dola 60 sikushauri. Kwa dola 2,000, tafuta mtu anayeijua kazi.

## Hatua ya 7: Itie kwenye ritani ya Kenya, kwa jumla kamili

Biashara unayoiendesha ukiwa Malindi ni mapato ya Kenya, hata wanunuzi wote wakiwa Toronto na pesa zikilala benki ya London. Mkaazi anayefanya biashara sehemu ndani na sehemu nje hutozwa kwa yote. Mwaka wa mapato ni Januari hadi Desemba, na ritani ya mtu binafsi mwisho wake ni tarehe 30 Juni. Ukichelewa, adhabu ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi, iliyo kubwa.

Andika jumla kabla ya makato. Kilichoingia benki si mapato yako, ni mabaki yake. Badilisha sarafu kwa viwango vya Benki Kuu ya Kenya vya tarehe za malipo, na ubaki na utaratibu mmoja mwaka mzima.

Kisha tenganisha kodi ya ng'ambo, kwa sababu kuna milango miwili:

Iliyokatwa katika nchi yenye mkataba huondolewa kwenye kodi yenyewe. Iliyokatwa katika nchi isiyo na mkataba huondolewa kwenye mapato tu, kama gharama.

Tofauti hii ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Chukua mtu ambaye mapato yake mengine yameshamfikisha ngazi ya asilimia 30, na mwaka huu ana mrabaha wa shilingi 1,000,000.

Mrabaha ukitoka Uingereza kwa mkataba: zimekatwa 150,000. Kodi ya Kenya ni 300,000, toa 150,000, analipa 150,000. Jumla ya kodi ni 300,000.

Mrabaha ukitoka Marekani: zimekatwa 300,000. Zinatolewa kama gharama, inabaki 700,000, kodi ya Kenya ni 210,000. Jumla ya kodi ni 510,000.

Mrabaha ule ule, mfuko ule ule. Ndiyo maana kwa aliyeko Lamu ninapendelea mauzo ya huduma na bidhaa Marekani, na mrabaha autafute zaidi kwa wanunuzi wa nchi nyingine. Bei ya kitabu unayoweka kwa msomaji wa Marekani ihesabu ukijua kwamba chako kinaweza kuwa chini ya nusu.

Maonyo mawili. Nafuu ya mkataba haivuki kiwango cha mkataba: Mwingereza akikukata 20 badala ya 15 kwa kuwa hukujaza fomu, KRA hawatakutolea ile 5 ya ziada. Na nafuu haivuki kodi ya Kenya ya mapato hayo.

Ambatanisha ushahidi. Kwenye 1042-S soma kisanduku cha 1, namba ya aina ya mapato: 12 ni mrabaha wa hakimiliki, 17 ni huduma binafsi. Ukiona 12 na wewe ulifanya huduma, rudi hatua ya sita. Kisanduku cha 2 ni jumla, na 7a ni kodi iliyokatwa. Namba hizo mbili zikilingana na jedwali lako, umemaliza kazi ngumu.

Muuza bidhaa mkaazi mwenye mauzo kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka anaweza kuwa kwenye kodi ya mauzo ya asilimia 3, inayowasilishwa kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kodi hiyo haihusu huduma za kitaaluma, na gharama hazitolewi. Viwango hivi Bunge huvigusa katika sheria za fedha, basi kila Julai vitazame upya.

## Hatua ya 8: Tarehe na mabadiliko

W-8BEN hudumu hadi mwisho wa mwaka wa tatu baada ya ule uliosaini. Iliyosainiwa siku yoyote ya 2025 inakoma tarehe 31 Desemba 2028. Jiwekee ukumbusho Oktoba ya mwaka wa mwisho, maana Januari mitandao hukata kwanza ikauliza baadaye.

Machi, subiri 1042-S. Isipofika kwa barua pepe, iko ndani ya akaunti kwenye sehemu ya kodi. Pakua nakala mwenyewe, kwa kuwa ukifunga akaunti ile hutaipata tena.

Ukihama, ukarudi Italia au ukavuka kwenda Pemba, fomu ya zamani imekufa hata kama tarehe yake haijafika. Una siku 30 za kumpa kila mlipaji fomu mpya yenye anwani mpya, na hesabu ya hatua ya kwanza inaanza upya kwa mwaka huo uliogawika. Nakala za miaka uliyokaa Malindi zitunze: KRA wanaweza kuziomba ndani ya miaka mitano.